Waya Ndani ya Ukuta

Tulianza na simiti.
Wapangaji wa zamani waliipiga juu ya matumbawe
kama mtu avishwaye koti la mvua
Mombasa, mwezi wa tatu, jua la utosi.
Shee Athmani aligonga kwa fundo la kidole,
akatega sikio kama achaguaye dafu.
"Hapa hapana ukuta," akasema. "Hapa pana ganda,
na nyuma yake chumvi yala polepole.
Simiti haivuti pumzi. Chokaa huvuta."
Wasemao usipoziba ufa utajenga ukuta
hawajauona ufa uliozibwa kwa pupa.

Basi tukabandua.
Vumbi likatia mvi kope za Kalume.

Nyumba ya bwana wa reli, Kizingo,
roshani mbele, dari ya kumpa joto nafasi ya kupotea,
na jiko huko nyuma, peke yake,
hatua ishirini na tatu (nimezihesabu),
ili moshi na mpishi
wasifike mezani bila kuitwa.

Kazi yangu ni mbao na rangi.
Nakwangua kwa kigae cha kioo, alivyonifunza mama:
nyeupe ya mafuta, chini yake bluu ya zahanati,
chini yake krimu iliyochacha,
chini yake kijani kizito, kijani cha mabehewa,
na chini kabisa mvule wenyewe,
hudhurungi, umekaa kimya
kama mgeni aliyesahauliwa sebuleni.

Bwana Hirji huja na picha ya zamani, kaitia nailoni.
"Iwe kama ilivyokuwa," husema. "Kila kitu."

Siku ya kumi na tisa nyundo ya Kalume ililia vingine.
Waya. Wa shaba, ndani ya bomba jembamba,
kutoka ukuta wa chumba cha kulia, kimo cha mkono wa aliyeketi,
kwenda nyuma.
Shee akauvuta.
Kule jikoni, hatua ishirini na tatu,
kitu kikatikisika.
Si kengele, kengele iliuzwa zamani.
Ndoano yake tu. Mjusi akatoka mbio.

Babu yangu Mwarandu alipika humu miaka kumi na minane.
Uzeeni, Likoni, muuza mikate akipita
na kengele ya baiskeli,
babu alikuwa akisimama.
Akisimama tu, mikono yatafuta aproni.
Kisha akiketi.
Hakuna aliyecheka. Nyanya alimsogezea kikombe,
akaendelea na habari ya bei ya nazi.

Hayo sikumwambia Bwana Hirji.
Alikuwa amekwisha pata kengele dukani Mji wa Kale,
ya shaba, imesuguliwa mpaka imeona haya.
"Wageni wataipenda."

Chokaa haina haraka.
Huloweshwa, huachwa, hukorogwa, huachwa tena.
Katika kule kungoja nilirudisha waya njiani mwake,
maana kukarabati si kusema uongo.
Lakini upande wa jikoni niliukata, shibiri moja.
Shee aliona.
Akachota chokaa, akapiga mwiko mara mbili,
akauliza kama chai imebaki.

Jana Bwana Hirji alivuta. Akavuta tena.
"Mbona hailii?"
"Waya mkongwe, bwana."
Akaitazama picha, kama kwamba picha ingemjibu.

Madirisha yamekwisha, vibao vyote vyafunguka
kwa kidole kimoja. Bawaba nimezitia mafuta.
Kijani nimekipata, siku tatu za kuchanganya,
na Bwana Hirji amekisifu, nami nimefurahi,
sitaki kusema sikufurahi.

Umebaki mlango wa jikoni.
Upande wa ndani haukupakwa rangi hata mara moja.
Pana mbonyeo, kimo cha bega,
laini kama sahani,
pale mtu alipousukuma, miaka, mikono imejaa.

Msasa ninao.
Hapo sitaupitisha.